Uliza Mama Fundi: Cherehani 30 kijiji kimoja, tunamshonea nani?

Haya jamani, mwezi uliopita niliandika kamstari kamoja tu kwamba mabinti wa vijijini wanafundishwa ufundi bila mtu kuuliza nani atanunua, basi simu haijapumua mpaka leo. Meseji zimetoka Simanjiro, Longido, Kiteto, Karatu, nyingine ndefu kuliko barua ya posa. Wengi walioandika ni wanawake wa jamii za wafugaji na wengine waume zao, na nimefurahi kwamba waume nao wanasoma ukurasa huu maana nilidhani wanaruka moja kwa moja kwenye mpira. Nimechagua chache, majina nimeyaacha kama mlivyoomba, na mahali mlipoandika bila nukta nimeweka nukta msije mkanuna.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nina miaka 22, niliishia la saba, nina watoto wawili, nipo Simanjiro. Kuna mradi umekuja kwenye kata yetu wanasema watatufundisha cherehani miezi mitatu bure na mwisho tunapewa cheti. Mwaka juzi walikuja wengine wakafundisha wakina mama 30, leo anayeshona ni mmoja na yeye anashona akijisikia. Niende au nisijisumbue? Mume anasema maji hayatajichota.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda, ila usiende kama walivyoenda wale 30.

Nikwambie kitu ambacho wenye miradi hawapendi kusikia. Cherehani inapendwa kwa sababu inaingia nyuma ya Land Cruiser na inatoka vizuri kwenye picha, basi. Hakuna aliyekaa chini akauliza kijiji chenu kina watu wangapi wanaoshonesha nguo. Wanaume wenu wanavaa shuka, na shuka inatoka dukani imeshakamilika, haina kola, haina zipu, haina kifungo, sasa fundi anaingilia wapi? Ukiweka mafundi 30 hapo unakuwa umetengeneza watu 30 wa kugombania sketi mbili za shule. Ndio maana kabaki mmoja, na hata huyo mmoja simlaumu akishona akijisikia.

Halafu hiyo miezi mitatu. Nimefundisha ushonaji miaka 19 kwenye chuo kimoja cha huku kaskazini kwahiyo najua inavyokwenda, mwezi wa kwanza mtu anakanyaga cherehani bila uzi kwenye karatasi ajifunze kunyoosha mstari, wa pili anaunganisha vipande, wa tatu anashona sketi moja ya marinda ambayo nusu kashona mwalimu, halafu mahafali, picha, soda, kwaheri. Mtu huyo akiletewa suruali ya kupunguzwa kiuno anaingia uvunguni. Sio kosa lake.

Wewe fanya hivi. Kabla mafunzo hayajaanza nenda mnadani siku tatu tofauti, kaa karibu na fundi yeyote aliyepo, uwe na daftari au kama kuandika kunakusumbua weka vijiwe mfukoni, kila anayeleta kazi unahamisha kijiwe kimoja. Angalia wanaleta nini. Mimi niliwahi kuwatuma wanafunzi wangu kwenye gulio hivyohivyo, mmoja akarudi ananiambia mwalimu, watu wanane wameleta zipu, wawili mikoba iliyokatika mkanda, na gauni halijaletwa hata moja. Nikakaa kimya. Miaka yote hiyo zipu nilikuwa naifundisha mwishoni mwa kozi, wakati wengine wameshachoka na mmoja mmoja wameshaanza kutoroka. Tangu siku ile zipu nikaileta wiki ya pili.

Kwahiyo ukifika darasani mwalimu akisema leo tunajifunza rinda wewe muombe akufundishe na zipu, na kupunguza suruali, na kutia kiraka kinachokaa sawa, na mkanda wa begi la shule. Na sare, sare ndio chakula chenu huko, maana shule zinafunguliwa mwezi wa 1 na kila mzazi anakimbizana. Fundi mwenye akili anaanza kuchukua vipimo mwezi wa 11 wakati mzazi bado ana hela ya mbuzi, anayesubiri Januari anakuta mzazi ameshanunua ya mtumba.

Jambo lingine ambalo hutafundishwa usipoomba ni kutengeneza cherehani yenyewe. Zile cherehani za mradi wa mwaka juzi ziko wapi? Nakuhakikishia zipo stoo ya kijiji zimefunikwa gunia, muulize mtendaji. Nyingi ya namna hiyo hazijafa, unakuta mkanda umekatika, au uzi wa chini haupandi, au inaruka mishono kwa sababu mtu kaweka sindano upande bapa ukatazama kusiko. Kitu cha dakika mbili! Mtu anayeweza kufungua sahani ya chini akatoa vumbi la pamba lililoganda akatia mafuta, huyo anakula hata kama hajui kukata blauzi, kwa sababu mafundi wote wa minada ya jirani watamtafuta yeye.

Sasa mume na maji. Ana hoja, maji kweli hayajichoti, ila hapo wa kulaumiwa ni mradi sio yeye. Wanaanza darasa saa mbili asubuhi kama wanafundisha wafanyakazi wa ofisini wakati mama wa boma asubuhi anakamua, anatoa ndama, anaenda kisimani. Jikusanyeni mkiwa hata kumi mkawaambie waanze saa tano mpaka saa tisa na siku ya mnada wasifundishe. Watakubali, maana wakikosa watu hawana ripoti ya kupeleka.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanaume wa Kiteto. Mke wangu ni mdogo kwangu, alikatishwa shule kidato cha pili akapata mimba yangu. Sasa amesikia kuna chuo cha wananchi anataka akasome, ni mbali, atalala hukohuko, na mtoto ana miezi minane. Wazee wanasema mwanamke akishaenda chuo harudi, au akirudi anarudi na maneno. Mimi mwenyewe sijakataa, sijakubali. Nishauri.

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya vizuri kusema "mimba yangu", wengi wakiniandikia mimba inakuwa imeingia yenyewe kama malaria.

Hivyo vyuo ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile vya FDC. Vilianza mwaka 1975 wakati wa Mwalimu Nyerere, vipo 54 nchi nzima, na siku hizi viko chini ya Wizara ya Elimu. Cha Tango kipo kule Mbulu, kipo cha Handeni, kipo cha Same, kwahiyo angalieni kilicho karibu nanyi kwa njia ya basi sio kwa ramani. Uzuri wake kuliko vyuo vingine ni kwamba vilitengenezwa kwa mtu mzima wa kijijini, sio kwa kijana aliyemaliza form four jana. Na upo mpango unaitwa Elimu Haina Mwisho ndani ya vyuo hivyo, ni kwa ajili ya wasichana kama mke wako kabisa waliokatisha sekondari, anarudia masomo ya sekondari huku anachukua na ufundi, na panakuwa na sehemu ya kulelea watoto mama zao wakiwa darasani. Kwahiyo swali la mtoto wa miezi minane ulipeleke chuoni kabla hujalipeleka kwa wazee. Pigeni simu muulize, mtoto anapokelewa kuanzia umri gani, analala na mama yake au vipi, analipiwa nini. Kila chuo kina hali yake.

Ujue pia kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatishwa masomo kwa mimba warudi hata kwenye shule za kawaida. Nakwambia ili mzee mmoja asije akasimama akasema ni kinyume cha sheria.

Kuhusu "anarudi na maneno". Ni kweli atarudi na maneno, mtu akisoma hesabu halafu ukamwambia mbuzi watano wameuzwa kwa bei ya wanne atauliza. Sasa wewe jiangalie kama hilo ndilo linalokutisha. Nimeona waume wa aina mbili. Mmoja alimruhusu mke halafu kila wiki anapiga simu kwamba mtoto mkubwa anaumwa, ng'ombe kapotea, mama mkwe kaanguka, mpaka mke akaacha kozi mwezi wa nne na ada imeshalipwa. Mwingine alikuwa anakuja chuoni kila mwisho wa mwezi na dumu la maziwa, anakaa chini ya mti anamsubiri mkewe atoke karakana, na wanafunzi wakimcheka anacheka nao. Yule mke alisomea umeme wa majumbani na solar na kijijini kwao umeme wa gridi ulikuwa haujafika, basi nyumba ya kwanza kufungiwa taa ilikuwa ya mzee aliyekuwa anapinga asiende chuo.

Kitu kimoja cha kumuuliza mkeo kabla hajajaza fomu: kozi gani na kwanini. Akikwambia "yoyote tu" mwambie aongee na mimi kwanza.

SWALI: Habari za kazi mama. Nipo Karatu, nimepika kwenye migahawa miaka tisa, nilianza kuosha vyombo sasa ndio mpishi mkuu, napika cha kienyeji na cha wazungu. Nimeomba kazi kwenye kambi moja ya watalii wakanipikisha wakasema safi, wakaniuliza cheti, sina, wakamchukua kijana aliyemaliza chuo juzi na simu ananipigia mimi kuniuliza sosi inakuwaje. Nikianza chuo miaka miwili watoto watakula nini?

JIBU: Nimecheka hapo kwenye sosi halafu nikasikitika. Huhitaji kwenda chuo miaka miwili mdogo wangu, unahitaji mtu akupime unachokijua tayari akupe karatasi. VETA, wale wa mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanao huo utaratibu, wanauita urasimishaji ujuzi, wengine wanautaja kwa herufi RPL. Ni kwa watu waliojifunzia kazini, mpishi, fundi seremala, mwashi, fundi magari, fundi nguo. Unajisajili, wanakuja kukuangalia ukifanya kazi na kukuuliza maswali, penye pengo wanakupa mafunzo mafupi ya kuziba hilo pengo tu, halafu unapimwa na ukifaulu unapata cheti kinachotambulika. Kuna awamu serikali inagharamia na kuna wakati unajilipia, inategemea umekuta nini mwaka huo, kwahiyo nenda chuo cha VETA kilicho karibu uulize kwa mdomo wako, usitegemee mtu wa stendi.

Wewe jiandae kabla. Piga picha vyakula vyako kuanzia leo, muombe mwenye mgahawa barua inayosema umefanya kazi toka mwaka fulani mpaka fulani na unafanya nini, kama uliwahi kupata kasemina ka usafi wa chakula tafuta hiyo karatasi. Na nikutahadharishe, wapishi wenye uzoefu wakipimwa hawaangukii kwenye kupika. Wanaangukia kwenye kibao kilekile kilichokatia nyama mbichi kinakatia kachumbari, na kwenye kutaja majina ya vitu. Unajua kufanya lakini unaulizwa kinaitwaje. Kaa na huyo kijana anayekupigia simu, mwambie mimi nakupa sosi wewe nipe majina.

Na ada, kwa faida ya wengine walioniuliza pembeni: vyuo vya serikali vya VETA ada ya kozi ndefu imekaa muda mrefu kwenye 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Inayoua sio hiyo, inayoua ni vifaa, sare, nauli na ile michango midogomidogo. Waulize karatasi ya mahitaji yote kabla hujauza mbuzi, maana fomu huwa zinatoka kuanzia mwezi wa 8 hivi na masomo mwezi wa 1, una muda wa kujipanga.

SWALI: Mama, mimi sina haja ya kusoma, shanga nimefundishwa na bibi yangu. Longido. Kuna mtu anakuja kutoka mjini ananunua mkufu mpana kwa 10,000, mwanangu anayefanya kazi Arusha kanitumia picha mkufu kama wangu dukani 60,000. Huu si wizi?

JIBU: Mama mwenzangu, nusu ni wizi na nusu ni hesabu ambayo hatujawahi kuifanya.

Mwenye duka analipa pango na kodi na mkufu unaweza ukakaa ukutani miezi sita, kwahiyo asilimia kubwa ya ile 60,000 haiingii mfukoni kwa huyo anayekuja kwako. Lakini hebu tufanye yako. Mkufu mmoja unakula shanga za shilingi ngapi? Wengi mnaniambia "kidogo tu", kidogo ni shilingi ngapi? Pima. Chukua kifuko kipya cha shanga usikichanganye, tengeneza mkufu mmoja mpaka uishe, angalia kimebaki kiasi gani. Ongeza waya na uzi. Halafu muda, hapa ndipo mnapojiibia wenyewe. Tuseme vifaa ni 4,500 na mkufu umekula siku mbili, sio siku nzima najua, masaa manne leo baada ya kukamua na masaa matano kesho watoto wakilala. Kwenye 10,000 umebaki na 5,500 kwa masaa tisa, yaani kama 600 kwa saa, na macho yamekuuma. Sasa akija tena unajua unaongea nini. Hujui hesabu hiyo akikwambia 9,000 utasema haya, ukiijua utamwambia kwa 9,000 nitakutengenezea bangili.

Jambo la pili ni shanga zenyewe. Zile nzuri zinazotoka nchi ya Cheki zinalingana, ndio maana mstari unalala. Zile za bei chee moja nene moja nyembamba, ukifika mstari wa sita duara linaanza kupanda mlima, wewe unaona ni kawaida lakini mnunuzi wa duka akiuweka mezani anaona umebinuka na bei inaanguka hapohapo. Kabla hujaanza mwaga shanga kwenye sinia uzichambue. Mjukuu anaweza kuifanya kazi hiyo.

Na kifungo cha nyuma! Sijui niseme mara ngapi. Mkufu mzuri kabisa halafu nyuma umefungwa na uzi wa kiroba. Mgeni hawezi kuufunga peke yake, hanunui.

Kuuza moja kwa moja kwenye kambi za watalii inawezekana ila wenye kambi wanataka mikufu 20 inayofanana, kwa tarehe, sio miwili leo na mitano ukipata nafasi. Kwahiyo tafuta wenzako watatu wanne wenye mkono kama wako, muwe wakali kwa kazi mbovu hata kama ni ya wifi yako. Hapo ndipo vikundi vingi vya shanga vinapokufa, kwenye kumuonea haya wifi.

SWALI: Mama Fundi tuko wakina mama saba, tumesoma kutengeneza sabuni na kusindika maziwa. Tumesikia mikopo ya halmashauri isiyo na riba, wengine wanasema imefutwa, wengine ni ya wanasiasa. Kwa sasa tunakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, tunalipa kila wiki, tumechoka.

JIBU: Haijafutwa. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024 na utaratibu mpya. Sheria inasema kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haina riba. Neno la msingi ni mapato ya ndani, kwahiyo halmashauri maskini fungu lake ni dogo na foleni ni ndefu, usikasirike mwaka wa kwanza.

Saba mnatosha, kikundi kinaanzia watu watano. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, sisi wa zamani tulikuwa tunamuita bibi maendeleo. Mtahitaji katiba, usajili wa kikundi, akaunti ya benki ya kikundi, wazo la biashara linaloeleweka, na maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, kila mmoja! Nimeona vikundi vitatu vya wafugaji vimekwama hapohapo, mama ana laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mume, kitambulisho hana, anaambiwa arudi na cheti cha kuzaliwa wakati alizaliwa ng'ombe wakihamia malisho. Anzeni na hilo leo, mengine yatafuata.

Sasa ushauri ambao hamjauliza. Msikope kununua mashine. Kopeni kwa kitu ambacho mmeshauza mkaona kinaisha. Sabuni, sioni, kila kikundi Tanzania kinatengeneza sabuni ya maji rangi ya kijani, mnashindana na kila mtu mpaka kanisani. Maziwa ndio mali yenu. Lakini maziwa yanataka usafi na kupoozwa na alama ya ubora ya TBS, wale wa viwango, kama mnataka kuingia dukani, na hapo kuna kitu kizuri watu hawakijui, mjasiriamali mdogo mwenye barua ya utambulisho kutoka SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, anasamehewa ada ya TBS miaka mitatu ya mwanzo. SIDO wapo makao makuu ya mikoa, na mafunzo ya usindikaji wanatoa.

Hiyo kausha damu iliyopo malizeni kwanza. Ukichukua mkopo wa halmashauri kwenda kulipa kausha damu umehamisha shimo tu, na wenzako sita ndio watakaokulipia.

SWALI: Nafanya usafi kwenye hoteli, mwaka wa pili sasa, nina mkataba. Nina mimba ya miezi mitano. Msimamizi kaniambia nikijifungua nisirudi watakuwa wameshaweka mtu. Ni haki?

JIBU: Sio haki na sio sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi zenye malipo, 100 kama ni mapacha, na ukirudi unapewa muda wa kunyonyesha usiozidi jumla ya masaa mawili kwa siku. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito ni kuachishwa isivyo halali. Toa taarifa kwa maandishi pamoja na cheti cha kliniki, angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, kwahiyo wewe wiki hii hii, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikufukuza una siku 30 za kwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Zisipite. Watu wanakaa wakilia nyumbani miezi mitatu halafu ndio wananiandikia.

SWALI: Eti mama ni kweli India kuna bibi hawajui kusoma wanatengeneza solar? Mjukuu wangu ananitania niende. Nina miaka 51.

JIBU: Ni kweli kabisa shoga yangu. Kuna chuo kinaitwa Barefoot College, kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan, kipo toka 1972. Wanachukua wanawake wa vijijini, wengi ni bibi, wanawafundisha kufunga na kutengeneza taa za sola kwa miezi kadhaa. Hawasomeshi kwa vitabu, wanafundisha kwa rangi na ishara za mikono, waya nyekundu na nyekundu, kipande hiki pale, unarudia mpaka mkono unakumbuka wenyewe. Bibi wa Kiafrika anakaa meza moja na bibi kutoka nchi nyingine hawaelewani hata salamu na bado taa inawaka. Walipendelea bibi kwa sababu kijana ukimpa cheti anapanda basi kwenda mjini, bibi anarudi kijijini kwake kwenye kuku zake.

Wanawake wa Lindi na Mtwara walishaenda huko wakarudi. Na huhitaji kwenda India, chuo hichohicho kilifungua kituo Zanzibar, Kinyasini, Kaskazini Unguja, ila kwa kawaida ni kijiji ndicho kinachomchagua wa kwenda, sio mtu anajipeleka. Mwambie mwenyekiti wako wa kijiji. Akicheka, muulize taa ya zahanati ikiharibika huwa anamuita nani na anamlipa shilingi ngapi.